Nyimbo sita kutoka Ngarenaro: shajara ya lebo

11 Februari

Tumeanza. Lebo yetu ya muziki ni watu watatu na kabati la chuma lililo nyuma ya stationari yangu, Ngarenaro, Arusha, katikati ya mashine ya fotokopi na maboksi ya karatasi. Mimi nashika pesa na makaratasi. Prodyuza ana kompyuta, maiki moja na spika mbili, moja inakoroma ukiizidisha. Mchanaji, yaani rapa, ni dogo wa Unga Limited, miaka 23, mwenye daftari la mistari ambalo mama yake alishawahi kulifungia maandazi bila kujua. Kurasa mbili ziliondoka na wateja.

Mtaji 780,000: mimi 400,000, prodyuza 200,000, dogo 180,000 alizozipata kwa kubeba mizigo soko la Kilombero. Kazi ni albamu fupi ya nyimbo sita, itoke 30 Mei. Jina la lebo bado tunabishana, kwa hiyo humu nitaandika lebo tu.

Kaka yangu ameniuliza kwa nini tusipande basi twende Dar kama wengine. Nimemwambia Arusha haijawahi kukosa wachanaji. X Plastaz ni wa hapa, Nako 2 Nako ni wa hapa, Watengwa ni wa hapa, Joh Makini ni wa hapa. Mwaka 2009 Gsann wa X Plastaz alisimama kwenye duara la kuchana la tuzo za hip hop za televisheni ya BET kule Marekani. Lakini albamu yao ya 2004 ilitolewa na lebo ya Ujerumani. Mara nyingi tulichokosa ni kabati: mahali ambapo mkataba, faili na hesabu vinakaa, ili mwenye wimbo akirudi baada ya miaka kumi avikute. Machalii niliosoma nao wamerekodi nyimbo nzuri sana ambazo leo hakuna anayejua ziko kwenye kompyuta ya nani.

Kaka akasema, "Kwa hiyo umenunua kabati." Ndiyo.

16 Februari

Chumba tumepata, 50,000 kwa mwezi, miezi minne mbele. Futi kumi kwa kumi, mabati, hakuna dari.

Prodyuza alikuja na trei za mayai thelathini na mbili, kazikusanya kwa mama lishe wote wa mtaa. Nikamwacha abandike ukuta mmoja, tukapiga makofi, tukasikiliza. Mwangwi umepungua kidogo huko juu kwenye sauti nyembamba. Besi ya kifodi, daladala ndogo, kinachopita nje inaingia kama kawaida. Trei ni karatasi tu. Haina uzito wa kuzuia chochote. Tumezibandua, tukanunua sponji za godoro na mbao, 65,000 jumla, tukatengeneza viunzi viwili vinavyosimama nyuma ya mchanaji. Nguo za mitumba zimetundikwa kwenye kamba kona zote nne. Chumba sasa kinanuka kama bandali lililofunguliwa asubuhi, ila sauti imekaa.

23 Februari

Leo hatujarekodi kitu. Tumekaa saa tatu na karatasi ya mgao.

Nilisema toka mwanzo, wimbo hauingii kabatini bila karatasi. Kila wimbo una haki mbili, na watu wanazichanganya. Kuna utunzi, yaani maneno na muziki wenyewe, hata kama haujawahi kurekodiwa. Halafu kuna rekodi, yaani lile faili, ile sauti iliyonaswa siku ile. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazitenganisha, na jina lake lenyewe linakuonyesha: hakimiliki ni ya utunzi, hakishiriki ni ya rekodi na ya waliotumbuiza. Kwa hiyo karatasi yetu ina safu mbili. Utunzi: maneno nusu, muziki nusu. Rekodi: mchanaji 40, prodyuza 30, lebo 30.

Dogo akauliza, "Sista, kwani sisi si washkaji?"

Nikamwambia ndiyo maana tunaandika leo, tukiwa bado washkaji. Kanuna kidogo. Halafu kasoma karatasi yote mara mbili, kidole kikifuata mstari, akaniuliza ikiwa atakufa asilimia 40 inaenda wapi. Sikuwa nimeliwaza hilo. Tumeongeza mstari wa mrithi. Kaandika jina la mama yake.

2 Machi

Nyimbo mbili zimeingia. Ratiba imejipanga yenyewe kufuata mtaa: asubuhi kuna fundi wa kuchomelea mageti, adhuhuri adhana, jioni kanisa la jirani linafanya mazoezi ya kwaya na spika zake zimeelekea kwetu. Tunarekodi saa nane hadi saa kumi, halafu tena saa nne usiku. Kichujio cha pumzi ni soksi ndefu ya kike iliyovutwa kwenye waya wa henga. Herufi P na B hazipigi tena.

Dogo ana tatizo moja. Anachana kama anayekimbizwa. Mistari mizuri, vina vimekaa, lakini mwisho wa kila mstari wa nne unasikia kifua kinatafuta hewa. Prodyuza anataka kumkata na kumuunga kwenye kompyuta. Mimi nimekataa. Sina hoja ya kifundi, nimekataa tu.

9 Machi

Kumeharibika.

Wimbo wa nne ndio bora kuliko yote. Dogo anamwimba mama yake anayeuza ndizi, biti inakwenda mapigo 88 kwa dakika, na juu yake kuna kigitaa kinachozunguka, sekunde tano hivi, kitamu kiasi kwamba mteja wangu wa fotokopi alisimama mlangoni akasahau chenji. Leo nikiwa najaza karatasi nikamuuliza prodyuza, gitaa kapiga nani?

Kimya. Halafu, "Dada, hiyo ni sampo."

Yaani kipande cha rekodi ya watu wengine. Kaitoa kwenye kaseti ya marehemu baba yake, bendi ya dansi ya zamani, wimbo ambao mtu yeyote aliyezidi miaka hamsini ataujua ukianza tu. Siutaji hapa.

Akanipa hotuba: hip hop yote imejengwa kwa sampo, kuanzia Bronx, watu walichukua santuri za wazazi wao wakazikata. Ni kweli. Na ni kweli pia kwamba tangu kesi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 kule Marekani, lebo zililazimika kuanza kulipia. Nikamuuliza, hivi mtu wa Dar akichukua sauti ya dogo, akaizungusha kwenye wimbo wake bila kutuuliza, utasema ni utamaduni? Akasema, "Hiyo ni tofauti." Mpaka sasa namngoja aniambie tofauti yenyewe.

13 Machi

Nimezunguka siku nne kwa simu na nauli. Ninachojua sasa:

Bendi nyingi za enzi hizo zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zikabaki kwenye maktaba ya redio. Kwa hiyo mwenye rekodi ni swali moja. Mtunzi ni swali la pili, na huyu alishafariki, ana warithi, na hakimiliki haifi na mtu, inaendelea miaka mingi baadaye. Mpigaji wa lile gitaa ni swali la tatu, maana naye kama mtumbuizaji ana hakishiriki yake.

Prodyuza akapata wazo: tumtafute mtu alipige upya gitaa lile lile, noti kwa noti. Wazo zuri, nusu. Ukilipiga upya umeikwepa rekodi, lakini ule mtiririko wa noti bado ni wa mtunzi. Umevua koti, shati ni lile lile.

Tukiwatafuta warithi na kupata kibali kwa maandishi, pengine tutatoa albamu mwakani. Au tuutupe wimbo. Au tutafute gitaa jingine, jipya kabisa, lenye harufu ya kule lilikotoka lile.

Dogo ndiye aliyesema. "Kaloleni kuna mzee, huwa anapiga gitaa kwenye misiba."

16 Machi

Mvua. Mabati. Hakuna kazi.

20 Machi

Tumemkuta barazani, anamenya viazi. Kofia ya pama, sweta, kandambili. Tukamwamkia, akaitika, akatuacha tumesimama hadi alipomaliza kiazi.

"Mnataka gitaa la msiba au la harusi?"

Nikamweleza. Sikuficha habari ya sampo. Akaomba kuisikia. Prodyuza akamwekea hedifoni juu ya kofia, kwa kuwa aligoma kuivua. Akasikiliza sekunde kama ishirini, akacheka peke yake. Alimfahamu yule mpigaji. Waliwahi kugombania kamba ya gitaa mwaka ambao hakuna duka lililokuwa na kamba, akashindwa yeye, akaenda kufunga waya wa breki ya baiskeli.

"Sasa huyu mmemchukulia kidole chake bila kumuuliza," akasema, na kumtazama prodyuza, siyo kwa hasira. Prodyuza akatazama viazi.

Tukakubaliana 100,000 ya kazi, hapo hapo, na mgao juu yake. Mgao hakuuelewa mara moja. Miaka yote alilipwa mshahara wa bendi, ukipanda jukwaani umelipwa, wimbo ukipigwa redioni mara elfu hiyo ni sifa yako. Nimemwandikia: asilimia 15 ya rekodi ya wimbo wa nne, na robo ya utunzi. Dogo kashuka kutoka 40 hadi 35, prodyuza na lebo 25 kila mmoja. Akaniambia, "Binti yangu, weka herufi kubwa, macho yangu yamechoka." Nikarudi stationari nikaichapa upya, herufi za ukubwa wa 18. Karatasi nne.

23 Machi

Mzee kafika saa nane kasorobo na gitaa la umeme ndani ya gunia la sukari. Hatukuwa na amplifaya. Tumemchomeka moja kwa moja kwenye kifaa cha kurekodia.

La kwanza: tuni. Prodyuza akafungua programu ya kutunia kwenye simu, akamshikia mbele. Mzee akaitazama kama unavyomtazama mtoto anayekuonyesha mchoro. Akaweka simu pembeni, akainamisha sikio hadi likagusa mbao za gitaa, akazungusha funguo, akapiga nyuzi mbili pamoja, akangoja zitulie, akazungusha tena. Dakika sita. Akapiga kodi moja, noti kadhaa kwa mpigo, tamu kweli, na iko chini ya biti yetu kwa karibu nusu ya nusu-toni.

Prodyuza akanong'ona, "Dada, hayuko kwenye tuni."

Nikamwambia basi biti ndiyo haiko. Akashusha biti nzima, kinanda na besi, ikamfuata mzee. Kazi ya dakika mbili. Sielewi kwa nini ilituchukua robo saa kuiamua.

La pili: metronomu. Mzee kaisikia kwenye hedifoni mara moja tu, tik tik tik tik. "Hicho kidude kinalia nini?" Tumekizima. Amepiga akisikiliza ngoma peke yake, na hata hapo anakuja kabla ya snea, ile ngoma kali ya biti, kidogo sana, kama mtu anayefungua mlango kabla hujabisha. Kwenye skrini inaonekana kosa. Ukifunga macho, ndiyo inayosukuma wimbo wote.

La tatu, hili ndilo sikulitegemea. Kabla ya kupiga mara ya pili kaweka gitaa magotini akauliza, "Huyu kijana anasema nini?" Dogo akasema aah, ni mistari tu, mzee. "Hata. Nisomee." Basi dogo akasimama katikati ya chumba akamchania bila biti. Mama, mkungu wa ndizi kichwani, Kilombero saa kumi na moja alfajiri, mgambo, karai, mvua. Mistari 16, beti ya pili 16, ya tatu 16. Mzee alikuwa anatikisa kichwa. Alipomaliza akauliza swali moja.

"Mama yako huwa anapumzika wapi?"

Dogo hakuelewa. Mzee akaeleza kwamba kwenye dansi mwimbaji anaimba, halafu anaondoka pale mbele, gitaa linasema, halafu ndipo chemko, ile sehemu ya watu kucheza. Mwimbaji asipoondoka, gitaa linakuwa pambo. "Wewe umemjazia mama yako maneno, hana pa kutua mkungu."

Dogo kaenda nje. Karudi baada ya dakika kumi na daftari, kakata mistari minne ya mwisho ya beti ya tatu. Ilikuwa mizuri, ule wa mwisho nilikuwa naupenda. Sasa kuna baa nne tupu, yaani vipande vinne vya mapigo visivyo na maneno, ambazo mzee anatembea peke yake, na dogo anaporudi kwenye kiitikio, kwa mara ya kwanza tangu Februari, hana haraka ya hewa.

Mara ya tatu ndiyo tuliyoichukua. Kuna kiti kinalia sekunde ya 41. Kimebaki.

30 Machi

Umeme ulikatika prodyuza akiwa anahifadhi wimbo wa tano. Faili halifunguki. Nakala ya kabatini ni ya Jumanne, kwa hiyo tumepoteza usiku mmoja wa kazi na siyo wimbo. Kuanzia leo: nakala tatu: kompyuta, diski ya kabatini, na flashi ninayolala nayo nyumbani. Na kila ala ihifadhiwe kivyake, ngoma peke yake, besi peke yake, sauti peke yake, isiwe mradi wa programu tu, kwa sababu programu nazo zinazeeka.

13 Aprili

Miksi. Spika inayokoroma imetudanganya wiki nzima, kwa hiyo tumeacha kuiamini na kwenda kusikiliza mtaani.

Simu kwanza. Kipaza cha simu ndogo hakitoi besi za chini kabisa, kwa hiyo wimbo wa kwanza ulisikika kama dogo anachana peke yake bafuni. Dawa yake ni kuongeza mkwaruzo mwembamba juu ya besi. Sikio likisikia zile sauti za juu linajijazia lenyewe ile ya chini isiyokuwepo. Pili, bodaboda mwenye redio ya bluututhi, tumezunguka naye Mianzini hadi Sanawari. Tatu, kifodi cha Kwa Mrombo. Konda alikubali kuweka flashi yetu kwa sharti asilipwe ila tumtaje kwenye wimbo. Tumemkatalia kutajwa, tukamnunulia soda. Kwenye kifodi besi ilizidi kiasi kwamba kioo cha mlango kilikuwa kinachana pia. Mama mmoja nyuma akauliza, "Huyo wa gitaa ni nani?" Hakuna aliyemuuliza dogo ni nani. Kachukulia vizuri.

Prodyuza alitaka masta, lile faili la mwisho la kutoa, ikaze kabisa, kupayuka kupita wote. Spotify wanasawazisha sauti kufikia LUFS -14 hivi, LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti, ukipayuka wanakushusha na umeshapoteza uhai wa snea bure. Tumeacha nafasi.

20 Aprili

Makaratasi siku nzima, na nakiri nimefurahi.

Kila rekodi imepata namba ya ISRC, herufi na tarakimu 12: nchi, aliyetoa namba, mwaka, halafu tarakimu tano za wimbo wenyewe. Ndiyo namba ya NIDA ya wimbo. Nimeziandika kwenye daftari la kabatini kwa kalamu ya wino. Fomu za COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, zimejazwa, nyimbo zote sita na majina ya watunzi wote, mzee akiwemo. Alipoona jina lake kamili limechapwa aliniuliza kama anatakiwa kulipia.

Kava: pikseli 3,000 kwa 3,000, kijana wa Sakina kachora kwa 60,000. Karai la ndizi, hakuna sura ya mtu. Alileta kwanza lenye Mlima Meru nyuma na Mmasai mwenye hedifoni. Tukamwomba kwa heshima zote atoe mlima na Mmasai.

Sidii hatutoi. Tangu 2013 sidii ya kuuza inatakiwa stempu ya TRA, na hata ukibandika, nani ana pa kuichezea? Msambazaji wa kidijitali, wa kutufikisha Spotify na kwingine, tumemlipa 70,000 ya mwaka.

4 Mei

Fulana nyeusi 50 za mitumba, nimechagua moja moja, 3,500 kila moja, na kuchapa 2,000. Fundi anatumia skrini ya kitambaa, anavuta wino kwa mpira mara mbili, halafu anaikausha kwa pasi ya mkaa. Mbili zimeungua kwapani. Kwa kuwa ni mitumba, ndani ya shingo kila moja ina lebo ya mtu mwingine. Dogo anasema ndiyo ugumu wenyewe.

19 Mei

Msambazaji katuwekea nyimbo zetu kwenye ukurasa wa msanii mwingine kabisa, mwenye jina linalofanana na la dogo. Anaimba nyimbo za mapenzi, ana wafuasi wengi, na sasa chini ya picha yake ya shati jeupe kuna karai la ndizi. Barua pepe tatu. Jibu limekuja la mashine.

27 Mei

Wamerekebisha. Dogo anasikitika kidogo, alikuwa na wafuasi wengi kwa wiki moja.

30 Mei

Imetoka. Uani kwa shangazi yake prodyuza, spika za kukodi 80,000, kiingilio 2,000, watu 62 wa kulipa na kama kumi na watano juu ya ukuta. Mzee alikuja na lile gunia. Alipopiga zile baa nne wenye simu wote walizinyanyua, na yeye akadhani wanamtaka aache kwa sababu ya mwanga. Akasimama. Dogo akamwambia, "Endelea babu, wanakupiga picha." Akarudia toka mwanzo, baa zikawa kama thelathini.

31 Mei

Moshi, kwa Costa. Fulana tisa zimeuzwa, sita kati yake Majengo kwa kundi moja la vijana wanaojua mistari ya dogo kutoka kwenye sauti za WhatsApp. Hao hao wakatuomba wimbo wote kwa WhatsApp. Tumewaonyesha: 5,000 kwa M-Pesa, nyimbo sita zinakuja kama dokumenti, siyo kama sauti, maana ukituma kama sauti inaweza kubanwa na snea ya mwezi mzima ikaishia huko. Wawili wamelipa.

Stendi kuna kibanda kinachojaza nyimbo kwenye memori kadi. Tumekuta tayari wanao wimbo wa nne, siku moja baada ya kutoka. Prodyuza alitaka kugomba. Nikamuuliza mwenye kibanda nani kampa, akasema kauokota mtandaoni. Ubora mbovu. Nimempa faili zuri la huo mmoja, na namba yetu ya kununulia iwe kwenye jina la faili. Sijui kama nimefanya biashara au nimejitekenya.

21 Juni

Hesabu. Nimeifanya mbele yao wote, mashine ya kuhesabia ya stationari, karatasi ikitoka.

Yaliyotoka: pango 200,000, sponji na mbao 65,000, mzee 100,000, kava 60,000, msambazaji 70,000, fulana na uchapaji 275,000, nauli na fomu na vikorokoro 48,000. Jumla 818,000, yaani tulipita mtaji kwa 38,000, zimetoka kwenye droo ya fotokopi.

Yaliyoingia: fulana 37, 555,000. Nakala 41 za albamu, 205,000. Uani, tukitoa spika, 44,000. Jumla 804,000. Tuna upungufu wa 14,000 na fulana nane, baada ya mbili kuungua na tatu kugawa. Hizo nane zitakaa kwanza. Tumetoa fulana za mikono mifupi mwanzoni mwa baridi ya Arusha; mji mzima sasa hivi uko ndani ya makoti, fulana yetu inavaliwa chini ya sweta mbili. Awamu ijayo ni mizula.

Mtandaoni wimbo wa nne una usikilizwaji 640, mingine iko chini ya 200. Tangu 2024 Spotify hawalipi wimbo ambao haujafika 1,000 kwa miezi 12. Dogo kauliza mara tatu kama nimesoma vizuri. Kisha akauliza 41 mara 5,000 ni ngapi tena.

Mgao wa nakala za mkononi umelipwa leo. Sehemu ya wimbo wa nne, moja ya sita ya 205,000, ni 34,166, ya mzee asilimia 15, shilingi 5,125. Nimemtumia na ya kutolea. Kapiga simu papo hapo kuuliza nimekosea namba au vipi, maana kazi alishalipwa Machi.

6 Julai

Mzee hana simu ya kuchezea muziki. Ana redio kaseti. Aliuliza, kwa aibu kidogo, kama wimbo unaweza kuwekwa kwenye kanda.

Siku tatu za kutafuta. Kanda tupu sikuipata. Nimepata ya mahubiri kwa fundi redio karibu na Soko Kuu, nikaziba vile vitundu viwili vya juu kwa karatasi na selotepu ili ikubali kurekodiwa. Deki ya fundi ilikuwa inavuta mkanda polepole, akafungua, akabadilisha mpira mdogo kama wa kufungia noti, akasafisha kichwa kwa pamba na spiriti. Nyimbo zote sita zimeingia upande A. Kiti cha sekunde ya 41 kinasikika hata huko.

Nimempelekea jioni. Tumesikiliza barazani wimbo wa nne tu, mara mbili, akirudisha nyuma kwa kidole kwenye kitufe kilichokwisha maandishi. Nikamwambia upande B bado una mahubiri, kama anataka niujaze kitu.

"Uache," akasema. "Nitaurekodi mwenyewe."

Kauliza maiki yetu huwa tunaikodisha shilingi ngapi. Jumamosi naipeleka, na kiunzi kimoja cha sponji, na karatasi ya mgao yenye jina moja tu. Herufi 18.